Siku shemeji alingojea Ziwa Kivu ipwe

Shemeji yangu, ule mwenye alioa dada yetu mkubwa, ni mutu wa Mombasa, na alipokuja kutusalimia hapa Goma kitu ya kwanza aliuliza si chakula si kitanda, aliuliza maji yanapwa saa ngapi. Maji gani? Akanyoosha kidole ku Ziwa Kivu. Sasa mi nimekulia mtaa wa Himbi, maji ile nimeichota tangu niko na bidoni ya kitoto, sijaiona ikienda fasi yoyote, lakini shemeji ni shemeji, unamubishia wapi.

Akanieleza kwamba kwao bahari inapwa na kujaa mara mbili kwa siku, kila siku inachelewa karibu dakika 50, na mwezi ukiwa mpevu ao mwandamo inakuwa bamvua, maji inakimbia mbali mpaka mawe inabaki wazi, unaokota kaa, unachungulia pweza mu tundu, unaingia mu mapango kwa miguu yako. Yote hiyo ni kweli, sibishi. Shida ni kwamba alikuwa na ratiba ya Mombasa mu telefone, akaiangalia, akatoa saa moja juu Goma iko nyuma ya Mombasa kwa saa moja, akasema, "Saa nne kasorobo tuwe pale na ndoo." Mahesabu safi kabisa.

Tukaenda. Mawe yetu ni ya volkano, nyeusi, inakata kandambili kama wembe. Shemeji akakunja suruali, akaweka kajiwe keupe pale maji inagusa ili aone vile inashuka, akachutama. Akaona shimo, akataka aingie atafute pweza, nikamuvuta shati: shemeji, huku shimo haliingiwi ovyo, kuna mazuku, ile hewa nzito inalala chini, inaua mbuzi na mutu bila kelele. Akawasha kiberiti, akakishusha, kikazimika ku usawa wa goti. Akarudi ku kajiwe kake, kimya.

Saa nne ikapita. Batoto ba bidoni bakasimama nyuma yetu, bamama bakaacha kufua. Unajua Goma, batu babili bakiangalia maji bila kusema, wa tatu anauliza nani amezama. Papa mmoja mvuvi wa sambaza akauliza tunangoja nini. Shemeji akamujibu kwa sauti kubwa: "Twangoja maji yaondoke, mzee. Sasa hivi yataondoka yote."

Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Maji ya hapa ikitoka inapitia Bukavu, inashuka na mto Ruzizi mpaka Ziwa Tanganyika. Na ikishaenda, hairudi jioni!"

Lakini mama mmoja mwenye beseni hakusikia ya mzee, alisikia ya shemeji. Maji itaondoka yote! Kwa mutu mwenye aliona volkano ya 2002 ikikata mji mpaka kuingia mu ziwa, na 2021 akakimbia tena na godoro ku kichwa, ile si habari ya kungojea maelezo. Akapandisha avenue anapiga kelele, na hata sijasimama vizuri nikaona chukudu ya kwanza, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, inapita na magodoro, mbuzi na televizyo, inaelekea Sake. Ku nyumba ya pili habari ilikuwa gazi ya ziwa inatoka. Ku ya tatu, kisiwa cha Idjwi kimezama.

Shefu wa avenue akafika anahema, vifungo vya shati amefunga vibaya. Akapanda ku jiwe: "Batu bangu, tulieni! Angalieni wenyewe, maji iko pale pale, haijaenda, haijakuja, haita..."

Hapo hapo boti ya mbio ya Bukavu ikapita inaingia bandari, na mawimbi yake ikatufikia. Ikapanda mawe, ikafunika kajiwe, ikabeba kandambili moja ya shemeji, ikamulowesha shefu mpaka ku magoti.

Shemeji akaruka, mikono juu: "Si niliwaambia! Yanajaa! Yanajaa!"

Shefu njo alikuwa wa kwanza kukimbia.