Namba 2,147,483,647 na swali la "itanisaidia nini?"

Chukua 2, uizidishe yenyewe hadi zitimie 2 thelathini na moja, kisha toa 1. Unapata 2,147,483,647. Ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyelithibitisha hilo, mwaka 1772, ni Leonhard Euler, mzee wa St. Petersburg ambaye macho yalikuwa yamekaribia kuzima kabisa.

Mimi humpenda Euler kwa namna alivyokwepa kazi. Mwingine angegawanya kwa kila namba tasa hadi kwenye kipeuo cha pili, kama 46,340 hivi, nazo zinapita 4,700. Yeye alionyesha kwanza kwamba kigawanyo tasa chochote cha namba hiyo, kama kingekuwepo, kingegawanywa kwa 248 kingebakiza 1 au 63. Baada ya mchujo huo, za kujaribu hazifiki hata mia. Hakuna hata moja iliyokubali.

Sasa izidishe kwa 1,073,741,824. Jibu ni 2,305,843,008,139,952,128, na vigawanyo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinaleta namba ileile, kama 1+2+3 inavyoleta 6. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakutagunduliwa kamwe kubwa zaidi ya aina hiyo, kwa kuwa ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na nani atajisumbua?

Wamejisumbua. Leo zinajulikana zaidi ya 50. Lakini utabiri haunikeri sana. Kinachonikeri ni ile "hazina faida", maana bado naisikia madarasani, tena wakati mwingine kutoka kwa mwalimu mwenyewe.

Watu wa kompyuta wataruka hapa kumjibu Barlow kwamba 2,147,483,647 ndiyo kikomo cha hesabu ya biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, moja ikishika alama ya chanya au hasi. Kweli. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 itaifikia Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na sekunde inayofuata, mifumo isiyorekebishwa itajiona iko Desemba 1901. Ila jibu hilo ni la kuparamia, kwani utasa hauhusiki kabisa. Kikomo cha biti 64, yaani 9,223,372,036,854,775,807, kinagawanyika kwa 7 na kinafanya kazi vilevile.

Utasa unalipa kwingine. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia rahisi ya kompyuta kutoa namba za nasibu, yaani zinazoonekana hazina mpangilio: chukua namba, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, shika baki, rudia. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, mabaki hayo hupita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo mzunguko uanze upya.