Bili ya Maji na Gharama ya Utafiti

Mamlaka ya maji ya mjini inapotenga fedha za utafiti, anayezilipa ni mteja, ambaye mara nyingi ndiye huyo anayeamka usiku wa manane kukinga maji ya mgao. Kwa hiyo wanaosema shilingi yake inunue kwanza mabomba na pampu, na teknolojia isubiriwe hadi ikomae kwa wengine, wana hoja nzito.

Singapore inazipa ushahidi pande zote mbili, wanaotaka kusubiri na wanaotaka kutafiti. Mwaka 1974 ilijenga mtambo wa majaribio wa kurejesha majitaka kuwa maji safi, kisha ikaufunga mwaka uliofuata kwa kuwa gharama zilikuwa kubwa na vichujio havikuaminika. Utafiti ulifufuliwa mwaka 1998, baada ya vichujio vya utando, yaani ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia uchafu, kuboreka na kushuka bei duniani; mwaka 2000 mtambo wa Bedok ukaanza kuzalisha mita za ujazo 10,000 kwa siku, na mwaka 2003 maji hayo, NEWater, yakaanza kusambazwa, hasa viwandani. Kusubiri kulilipa, hilo halikanushiki. Lakini ilibidi ubora wa maji hayo upimwe palepale kwa takriban miaka miwili ndipo yakubalike, na kazi hiyo haikuwa ya kuagizwa dukani.

Dar es Salaam haina haja ya kubuni utando. Tatizo lake ni upotevu wa maji, ambao kwa miaka mingi umekuwa zaidi ya theluthi moja ya yanayozalishwa, ilhali EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inataka usizidi asilimia 20. Njia inayotumika sana Ulaya ni kupima maji yanayoingia mtaani usiku, watu wakiwa wamelala, ili yanayoendelea kupita yahesabiwe kuwa mengi yake ni mavujo. Kwetu, penye mgao, usiku ndipo matangi ya nyumbani hujaa, na kipimo hicho kinapotosha. Nani atatutafutia njia nyingine, kama si DAWASA yenyewe, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, pamoja na Chuo cha Maji kilichopo Ubungo? Hapa naunga mkono fedha za mteja zitumike, hata zikiwa kidogo, mradi matokeo yatangazwe kila mwaka, yakiwemo ya majaribio yaliyoshindwa, kwa sababu mtambo uliofungwa mwaka 1975 ulikuwa na manufaa kwa kuwa waliofuata walijua ulikwama wapi.