Bahari yetu nzuri kuliko ya Phangan, tatizo liko kwengine

Kila nikiweka picha za Koh Phangan, kisiwa kimoja cha huku Thailand, kwenye status lazima mtu wa nyumbani anitumie meseji ile ile, we mtoto wa Jambiani unapanda boti kwenda kuangalia bahari ya watu, kwani kwenu umekosa nini? Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, leo naandika yote mara moja.

Mimi nafundisha Kiingereza Surat Thani mjini, mwaka wa nne huu, na mji wenyewe uko mtoni, bahari huioni. Ijumaa nikimaliza kipindi cha mwisho naingia basi mpaka bandari ya Donsak, napanda ile feri kubwa inayobeba magari, kama masaa mawili na nusu nashuka Thong Sala, bandari ya Phangan. Pale bandarini zinangoja songthaew, pikapu iliyotiwa mabenchi mawili nyuma, mnakaa mnatazamana magoti yanagusana, na jina lenyewe maana yake safu mbili. Kila nikiipanda najiona niko kwenye gari ya shamba naelekea Makunduchi.

Sasa tuseme ukweli. Kwa bahari peke yake sisi Zanzibar tumewazidi. Phangan kuna sehemu nzuri, kuna Haad Khuat ambako watu wengi wanafika kwa boti, kuna Mae Haad ambako ulimi wa mchanga unakupeleka mpaka kijisiwa cha Koh Ma na maji yakipungua unavuka kwa miguu, pazuri wallahi. Lakini mtu aliyekulia Jambiani akayaona maji yanavyojaa asubuhi, na ule mchanga laini kama unga ambao hata saa saba mchana haukuunguzi unyayo, hawezi kushangaa rangi ya maji ya huku. Kwa hiyo sio bahari inayonipeleka.

Kinachonipeleka ni mama mmoja muuza chakula. Namwita Paa, ndo wanavyomwita mwanamke mtu mzima huku, kama shangazi hivi. Meza zake nne ziko juu ya mchanga, hatua kumi tu toka maji. Ukiagiza som tam, yaani saladi ya papai bichi, anavuta kinu chake cha udongo, anatia kitunguu thomu na pilipili anaviponda kwanza, halafu maharage marefu mabichi, karanga, nyanya, ndimu, sosi ya samaki, mwisho kabisa ndo papai bichi lililochanwa nyuzi nyuzi, mkono mmoja mchi mkono mwengine kijiko kinageuza, wala hatazami, anaongea na wateja tu. Samaki kamjaza mchaichai tumboni kampaka chumvi mwili mzima kamlaza juu ya makaa taratibu, ukimbandua ngozi nyama inatoka nyeupe na mvuke wake. Som tam baht 60, kama elfu nne na nusu ya kwetu.

Halafu angalia nani wamekaa pale. Meza moja Wajerumani, meza ya pili familia ya Kithai bibi na wajukuu, wengine wametandika mkeka wao na chakula wamekuja nacho nyumbani, jirani yao hoteli, na watoto wa kijiji wanapiga mpira mbele ya vitanda vya wageni, hakuna anayewaambia sogeeni. Hilo ndo nalipandia feri. Nakaa pale Jumamosi nzima naangalia wenyeji wakiwa wenyeji kwenye pwani yao.

Na haikuja hivi hivi. Sheria ya Thailand pwani ni mali ya umma, mgeni kwa kawaida hamiliki ardhi kwa jina lake, na kuna kazi wamewawekea wananchi wao tu, kama kuongoza watalii, kunyoa nywele na ile masaji yao. Sisemi huku ni peponi. Wapo wageni wanaojificha nyuma ya jina la Mthai wakashika ardhi, na watu wanalilalamikia sana jambo hilo, hoteli kubwa pia zipo. Lakini ukitembea Phangan bado unakuta bangaloo za familia, baba anakata nyasi, mama yuko jikoni, binti yuko kaunta anakuandikisha, na hela ya chumba inalala hapo hapo kijijini.

Usiku sasa, maana hilo ndo mnaloniuliza zaidi, full moon party, sherehe ya usiku wa mwezi mpevu. Iko ufukwe wa Haad Rin, ilianza miaka ya 1980 na wasafiri wachache tu, leo watu maelfu kwa maelfu. Hata tarehe yake, mwezi ukiangukia siku kubwa ya Kibudha wanaisogeza mbele au nyuma, dini inaheshimiwa kwanza. Nilikwenda mara moja na walimu wenzangu. Mimi sinywi kwa hiyo nimeiona kwa macho makavu. Pombe inauzwa kwenye ndoo, kweli ndoo za plastiki zile za watoto kuchezea mchanga, wanamimina pombe ya kienyeji, soda na kinywaji cha kuongeza nguvu, wanachomeka mirija mtu anakwenda nayo. Kuna kamba ndefu inawashwa moto watu wanaruka kama watoto wanavyoruka kamba, tofauti ni kwamba hawa wamelewa. Nimeona binti wa miaka 20 hivi anabebwa na wenzake mguu unavuja damu, kakanyaga chupa mchangani. Na asubuhi ile barabara ya vilima ya kurudi Ban Tai vijana wanaiendesha skuta hawajalala, ukikaa Thong Sala unawaona magoti yamefungwa bendeji, kila siku, hili linaniuma maana wengine ni wadogo kabisa.

Usiku ule nilichokifurahia ni muuza roti. Muislamu, kavaa kofia, nikampa salamu akaitikia kwa furaha akaniuliza natoka wapi. Anauvuta unga mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, anaupiga juu ya chuma, anavunja yai, ndizi, anakunja pande nne, maziwa mazito juu. Nikajiona niko Forodhani namngoja fundi wa Zanzibar pizza, mikono yao ile ile kabisa.

Kwetu pia Kendwa kuna full moon party siku nyingi, na siku hizi nasikia vijana wanasema tukitaka utalii ukue tuifanye kubwa kama ya Thailand. Mimi nakataa kabisa. Tukiiga kitu Phangan tuige meza ya Paa, ndoo tuwaachie wenyewe.

Nasema hivi kwa sababu ya lililonikuta mwaka jana nilivyorudi likizo. Mama yangu ni mkulima wa mwani, kaanza toka mwani ulipoingia vijijini kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, ile pwani kwake ni shamba. Siku moja nikatoka na mtoto wa dada yangu, ana miaka saba, tunatembea tu ufukweni tunaongea. Kabla hatujafika mbele ya hoteli moja nikamuona kavua ndara kazishika mkononi, kateremka mpaka kwenye maji, nikamuuliza unakwenda wapi, akaniambia mjomba hapa tunapita chini. Askari wala hakusema kitu, alikuwa kasimama anatutazama. Mtoto hakuambiwa, alishajua. Tukapita ndani ya maji mpaka hoteli ikaisha akavaa ndara zake akaendelea na stori yake ya shule. Mimi sikusikia tena alichokuwa anasema.

Wiki mbili nyuma nimemtumia dada yangu video ya Paa toka mwanzo mpaka mwisho, makaa, kinu, meza, kwa sababu na yeye anapika vizuri sana na ana hamu ya kuuza pweza na samaki wa kuchoma pwani. Ameiangalia yote, akanirudishia voisi moja fupi, muulize hapo alipoweka meza analipa kwa nani. Jumamosi nikamuuliza Paa. Akanijibu kiwanja cha mama yake, akaendelea kutwanga.