Kilomita nyingi au mazoezi ya kupimwa? Mabishano ya barabara ya Igoma

Saa 11:30 alfajiri pale Igoma, Mwanza, utawakuta wapanda baiskeli kando ya barabara, huyu anajaza upepo, yule anakaza breki. Kundi likitimia linaelekea Kisesa, linapita Nyanguge, siku nyingine linafika hadi Magu ndipo ligeuze. Nimepanda na makundi ya namna hii kwa miaka, na tangu simu zianze kupima kasi na umbali, ubishi wa njiani umekuwa mmoja tu. Wazee wa kundi wanasema miguu hutengenezwa na kilomita, basi. Vijana wanajibu kwamba kilomita bila mpango ni kujichosha bure.

Hoja ya wazee si ya kupuuza. Usukumani baiskeli imebeba maziwa, mkaa, pamba na abiria, na mtu aliyekulia kwenye kazi hiyo huingia kwenye mbio akiwa na msingi ambao wa mjini atautafuta kwa miaka. Misuli ikifanya kazi saa nyingi bila kulemewa hujijengea mishipa midogo ya damu na kuzoea kuchoma mafuta ya mwili, ili sukari iliyohifadhiwa isiishe mapema. Hata watafiti wako upande wao hapa. Stephen Seiler, Mmarekani aliyefanya kazi Norway kwa muda mrefu, alichunguza ratiba za wanamichezo bora wa mbio ndefu akakuta takriban vipindi 80 katika kila 100 vilikuwa vyepesi.

Ila neno lenyewe ni vyepesi, na hapo ndipo kundi letu linapojipoteza. Hatujawahi kwenda Kisesa taratibu. Mmoja akiongeza kasi kidogo, wa pili hakubali kuachwa, na kabla jua halijachomoza kila mtu anahema. Hatuendi kwa nguvu za mashindano, wala hatuendi kwa utulivu wa kuujenga mwili. Kisha wengi wanarudi kushika kazi, baadhi wakiwa juu ya baiskeli ileile hadi jioni. Kesho tena hivyohivyo. Mtu anakaa miaka mitatu na kasi ileile, anadhani amefika mwisho wa uwezo wake, kumbe hajawahi kupumzika vya kutosha hata awe na nguvu za kujituma kweli siku moja.

Vijana wameliona hilo, nami nawasifu. Wanapanda kilima cha Bugando kwa nguvu dakika 4, wanashuka na kuzungusha pedali taratibu dakika 3, wanarudia mara nne. Wenye kipima nguvu, kifaa kinachoonyesha nguvu unayosukuma kwenye pedali, wanajipima kwa dakika 20 za juhudi zote, wanachukua asilimia 95 ya wastani wao na kuifanya kipimo cha mazoezi yote. Ni njia nzuri. Asiye na fedha za kifaa hicho hajakosa kitu kikubwa: ukiweza kuongea sentensi nzima bila kukatika, uko kwenye wepesi, ukiweza maneno mawili matatu tu, umeingia kwenye ugumu.

Kosa lao liko kwingine. Ratiba wanazozichukua mtandaoni zimeandikwa kwa mtu anayefanya mazoezi, anakula, analala mchana. Programu haijui kwamba tangu alfajiri ulikuwa umebeba madumu ya maziwa. Saa ya mkononi nayo inakupangia kikomo cha mapigo ya moyo kwa kutoa umri wako kwenye 220, hesabu inayoweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi kwa dakika, juu au chini. Nimemwona kijana mwenye bidii akifuata ratiba ya aina hiyo mpaka akakosa usingizi na hamu ya kula. Mzigo wa kazi ni mazoezi, uhesabiwe. Kwa mtu wa namna hiyo siku mbili ngumu kwa wiki zinatosha, na zilizobaki ziwe nyepesi kwelikweli, hata kama kundi litamwacha na kumcheka.

Kwenye malengo nina msimamo mkali zaidi. Ukimuuliza mpanda baiskeli wetu lengo lake, atakuambia anataka kushinda. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham, katika kazi yao ya mwaka 1990, walionyesha kwamba lengo gumu lililo wazi humsukuma mtu kuliko kuambiwa ajitahidi tu, ilimradi alikubali na awe anapata majibu ya maendeleo yake. Majibu hayo ndiyo tunayoyakosa. Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France ya 2024, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, na kutwaa jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, ametoka Eritrea, nchi ambayo mashindano ya baiskeli ni jambo la kawaida. Huku kwetu mbio za maana ni chache. Anayejipima kwa nafasi anayoshika kwenye mbio tu anasubiri miezi kujua kama amesogea, kisha siku hiyo moja inaamuliwa na pancha, au na nani amekuja kutoka Shinyanga.

Wanaotetea lengo la nafasi wana jibu ambalo siwezi kulibeza: zawadi ni ada ya shule, ni mabati ya nyumba. Njaa ya namna hiyo inamwamsha mtu saa 10 usiku wakati namba za kwenye simu haziwezi. Iwepo. Ninachokataa ni kuifanya rula. Rula iwe kipande kilekile cha barabara, kwa baiskeli ileile na saa ileile, maana jua likipanda upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na muda wa saa 12 asubuhi haulingani na wa saa 8 mchana.

Na kwa anayeanza, hata muda usubiri. Ajifunze kwanza kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, maana hapo anaokoa robo ya nguvu zake au zaidi. Wapo wanaume wenye miguu ya chuma wanaokata upepo mbele ya kundi njia nzima, halafu wanapitwa mita 200 za mwisho na mtu aliyejificha nyuma yao.

Mwezi uliopita muuza maziwa mmoja kijana aliniuliza ajiandae vipi kwa mbio zilizobakiza miezi mitatu. Tukaandika pamoja: Jumanne na Jumamosi ngumu, Alhamisi asipande kabisa zaidi ya kazi, siku za madumu aende kwa mwendo wa kuongea, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) mfukoni kwa safari inayozidi saa moja na nusu, na kila Jumapili ya tatu ajipime kutoka Kisesa hadi Nyanguge saa 12 asubuhi. Alipomaliza kusoma akauliza mbona nafasi ya tatu bora haimo, kwani ndiyo anayoitaka kwa ajili ya ada ya mdogo wake. Nikamwambia aiandike nayo, ila nyuma ya karatasi.