Ati Unataka Kuacha Kazi ya Hoteli!

Yakhe, hapa Unguja mtu akifukuzwa kazi hupewa pole siku mbili, yakesha. Lakini thubutu kusema unataka kuacha mwenyewe, tena kazi ya hoteli, ya mkataba, yenye sare na chakula cha mchana cha bure! Baraza nzima inageuka mahakama. Mzee anauliza umegombana na nani. Mama anauliza nani kakutupia jicho. Na yule ambaye tangu azaliwe hajawahi kutia saini daftari la mahudhurio ndiye mwenye nasaha ndefu kuliko wote, na kahawa yake unalipa wewe, maana ndiye mwenye kazi.

Swali lao wote ni hilo hilo: unalipwa ngapi? Hakuna hata mmoja anayeuliza unalipwa kwa saa ngapi. Sasa haya, tuwafanyie hesabu. Tuseme mshahara ni shilingi 780,000 na siku za kazi 26. Hiyo ni 30,000 kwa siku. Mkataba umeandika saa 9 pamoja na mapumziko, kwa hiyo saa moja ina shilingi 3,333. Mashaallah. Ila hoteli iko Nungwi na wewe unakaa Mwanakwerekwe. Kutoka mjini ni kama kilomita 60, na gari ya wafanyakazi haiendi moja kwa moja hata siku moja. Inamsubiri huyu Amani, inamngoja yule Mahonda, na kila mahali pana mtu mmoja anayetoka mbio kichochoroni na kipande cha boflo mdomoni akipiga kelele "niko hapa!" Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Kwa mwezi ni saa 78 umekaa kwenye kiti cha gari, karibu siku 9 za kazi ambazo hakuna aliyekulipa. Siku yako ni ya saa 12 basi, na saa moja imeshuka mpaka 2,500. Hapo hatujagusa shifti ya vipande viwili, ile ya kuhudumia chai asubuhi, kukaa bure mchana kutwa chini ya mwarobaini, halafu kuvaa tena tai jioni. Ule mchana kwenye karatasi unaitwa mapumziko. Unapumzikia wapi, na kwako ni kilomita 60?

Halafu kuna sevisi, lile fungu linalotozwa juu ya bili za wageni na kugawiwa wafanyakazi. Hapa ndipo watu wanapojidanganya kwa kupenda. Mfanyakazi wa hoteli akiulizwa kipato chake hutaja cha Agosti, hajapata kutokea wa kutaja cha Mei. Agosti hoteli imejaa, sevisi inanona na bakshishi zinaanguka. Aprili na Mei ni masika, wageni wanakauka, hoteli nyengine zinafunga milango kabisa na watu wanasukumwa kwenye likizo, na sevisi ya mwezi ule haitoshi hata kununua ndoo ya kukingia mvua inayovuja darini. Anayetaka kujua kazi yake ni nzuri kiasi gani atoe slipu zote 12, ajumlishe kilichoingia mkononi, agawe kwa 12. Hicho ndicho kipato. Kile cha Agosti ni cha kutajia wakwe.

Na slipu yenyewe isomwe mpaka chini, si kutazama ile namba nono ya juu na kuikunja. Kuna kodi, kuna mchango wa ZSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kuna mkopo, kuna makato madogo madogo ambayo ukiuliza ni ya nini kila mtu anakuelekeza kwa mwenzake. Mchango wa ZSSF kukatwa kwenye slipu ni jambo moja, kufika kwenye mfuko ni jambo jengine. Nenda kaombe taarifa ya michango yako, uilinganishe mwezi kwa mwezi na slipu. Mwezi ukikosekana, mwajiri aulizwe ungali ndani ya geti, maana ukishatoka mlinzi anakuwa hakujui, na yeye ndiye uliyekuwa ukimpa sigara. Mfuko huo upo kwa sheria tangu 1998, pesa za watu zimesimama kwa macho, nyengine zimekuwa maghorofa ya Michenzani Mall. Unapita pale unaangalia vioo unajisemea, pengine kimoja changu.

Sasa mkopo wa mshahara. Huo ndio unaowaweka watu kazini, wala si mapenzi ya kazi. Fomu za mikopo hii nyingi zinamruhusu mwajiri akukatie deni kwenye malipo ya mwisho, na zinasema ajira ikikoma deni lililobaki ladaiwa lote. Mtu anahesabu mshahara wa mwisho na siku za likizo ambazo hakuzitumia, anashika moyo wake vizuri, kumbe vyote vimeshapangiwa safari ya benki. Kwa hiyo kabla ya kumnunia supavaiza, omba barua ya salio la deni. Na uulize pia ulimdhamini nani. Yule rafiki uliyemtilia saini mwaka juzi ili anunue Vespa, akikwama yeye unakwama na wewe, na kazi huna tena ya kukwamulia.

Ukitoka hapo ni kalenda, na kalenda ya hapa haina huruma. Wanaotaka kuhama hoteli kwenda hoteli, nafasi hufunguka kabla ya msimu: kuanzia Mei mwishoni na Juni kwa ajili ya Julai na Agosti, kisha Oktoba na Novemba kwa ajili ya Disemba. Barua ya Machi ni ya mtu mwenye hasira au mwenye shamba la mikarafuu. Unamaliza notisi Aprili, mvua inapiga, unazunguka na bahasha ya vyeti Paje mpaka Kiwengwa, kila hoteli unakuta fundi juu ya paa anabadilisha makuti na mlinzi anakwambia "njoo Juni". Tena Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii imeangukia Februari na Machi. Hesabu mwenyewe: futari, nguo za Sikukuu za watoto, halafu masika mlangoni. Mfuko unaingia Aprili tayari umeshasaga meno. Akiba ya kuondokea basi iwe ya miezi 6 ya matumizi, na matumizi yahesabiwe na michango ya harusi, maana harusi hazijui kwamba umeacha kazi.

"Mimi sitaki hoteli tena, nafuga kuku." Haya. Kila anayechoka na bosi hapa mjini anataka kuku, kama kwamba kuku hawana shifti. Chukua vifaranga 100 vya kisasa, vya nyama, vya siku moja. Wanataka nafasi ya mita za mraba 10 wakikua, maranda makavu chini, na wiki ya kwanza joto la nyuzi 32 hadi 34. Usijifanye hodari wa kipimajoto, watazame wao: wakijirundika chini ya taa wana baridi, wakiikimbia taa na kutweta wana joto, wakibanana pembe moja kuna upepo unapenya mahali. Sasa saa nane usiku umeme unazimika, au uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zimekwisha kwa sababu ulisahau, na unatia jiko la mkaa. Sawa, lakini banda lililofungwa pande zote na jiko ndani linaua kwa hewa ya sumu ya mkaa haraka kuliko baridi. Acha nafasi juu, na ulale hapo nje, karibu na mlango. Shifti ya usiku hiyo, bila ovataimu.

Chanjo ya kideri (mdondo) siku ya 7, ya ugonjwa wa Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, au kama ratiba ya anayekuuzia vifaranga inavyosema. Waondolee maji kwa muda wa saa moja au mbili ili wawe na kiu, wape maji yaliyochanganywa chanjo asubuhi penye kivuli, yaishe ndani ya saa mbili. Maji ya mfereji yenye dawa yanaiua chanjo, tumia ya kisima kilicho safi. Watu wanasahau hili, siku ya 24 kuku wanasinzia, wanasema jirani ana hasadi. Jirani wa watu amelala zake!

Chakula ndicho kinachokula pesa. Kuku mmoja mpaka wiki ya 5 anamaliza kilo 3 na zaidi, kwa 100 weka mifuko 7 ya kilo 50 na usahau mambo ya kukopa katikati, maana kuku aliyepunguziwa chakula wiki ya 4 hafiki kilo unayotaka hata ukimsomea. Na chakula kinavuka bahari, kwa hiyo bahari ikichafuka na bei inachafuka. Siku ya kuuza unakutana na kuku wa Brazil, ameganda, amefungwa vizuri, na bei yake inakutia haya. Ile hoteli uliyoiacha ndiyo itakayokuwa mteja wako: inataka kuku wote wa kilo moja na robo, sawasawa, na inalipa baada ya siku 30. Unarudi pale pale getini kudai, na safari hii hata chakula cha mchana hupewi.

Sisemi usiache. Saa inayolipwa 2,500 si ya kufa nayo. Ila likizo unayodaiwa ichukue kwanza, tia vifaranga siku ya kwanza ya likizo, uone. Haitatosha wiki 5, najua, mtafutie kijana wa kumalizia, na kijana huyo mlipe, ndipo utakapojua mshahara ni mzigo kwa anayetoa pia.

Na ukiacha, acha kwa adabu. Barua iwe mistari mitatu: naacha kazi ya cheo fulani, siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani, ahsanteni. Ile kurasa nne ya kumueleza meneja alivyokuonea mwaka juzi kamsomee mkeo. Muda wa notisi uangalie kwenye mkataba wako, mingi ya mshahara wa mwezi huandika mwezi mmoja, na ukiondoka bila kuutimiza wanaweza kukudai mshahara wa muda huo. Mkataba wa muda maalumu nao una maneno yake ya kuvunjwa kabla ya tarehe, yasome mara mbili. Kabla hujakabidhi funguo, hesabuni vyombo wawili na mtie saini wawili, la sivyo sahani zote zilizovunjika usiku wa mwaka mpya zitakuwa zako. Sare rudisha zimefuliwa, uandikiwe zimepokelewa. Cheti cha utumishi kiombe ungali umevaa hiyo sare, baada ya hapo kila ukienda aliyekuwa akitia saini yuko kikaoni.

Barua ipige nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, maana notisi inahesabiwa tangu hapo. Sasa nenda ofisi ya utumishi leo uone. Mwenye muhuri yuko Pemba, karafuu za babu yake zimekomaa, na ufunguo wa kabati la muhuri kaondoka nao.