Ukileta timu Lamu, tazama maji kwanza

Kila ikikaribia Septemba simu yangu haitulii. Kwa vile mimi ni mzaliwa wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, marafiki wote wenye ofisi Mombasa na Nairobi wanaamini nina nyumba ya bei nafuu Shela na mashua ya bure kwa binamu. "Tunaleta timu ya ofisi, siku tatu za vikao. Tupangie." Halafu ananitumia ratiba aliyokwisha kuiandika mwenyewe: vikao tisa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi, na usiku kuna "majadiliano ya wazi". Wazi saa tatu ya usiku, watu wamekwisha shiba wali wa nazi na samaki wa kupaka!

Mimi nasema ratiba hiyo ibaki Mombasa. Ukumbi wenye kiyoyozi na viti vya kuzunguka umejaa tele Nyali. Kama unachotaka ni ukumbi, usiwasumbue watu wakavuka maji.

Na hizo siku tatu zenyewe hebu tuzihesabu. Basi likitoka Mombasa, lipite Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, siku imeshaliwa, na boti hujapanda. Kurudi ni vivyo hivyo. Siku tatu za kwenye karatasi ni siku moja ya kazi. Anayetua kwa ndege Manda, kisiwa cha jirani, yuko nafuu, dakika chache za boti yuko gatini. Lakini naye atakuta magari ya kumpokea hakuna. Mji Mkongwe huu ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 una vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Mara ya kwanza tulipokuja na ofisi yetu, projekta ilikuja mgongoni mwa punda, imefungwa kwa kamba pamoja na mikungu ya ndizi ya mtu mwingine. Ilifika salama. Tulipoiwasha, umeme ukakatika.

Kazi yetu ni uwakala wa mizigo: tunaitoa bandarini, tunampelekea mteja. Tuko watu 14. Safari hiyo ya kwanza mpangaji hakuwa mimi, na alipanga kwa saa ya ukutani. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, safari ya Takwa, kule Manda kwenye magofu, "kuunganisha timu", kisha turudi kwa kikao cha saa sita. Nahodha, mzee wa makamo aliyekaa kwenye usukani na kikoi chake, alituambia kabla hatujang'oa nanga, "Mai yapwa." Nilimtafsiria bosi: maji yanatoka. Bosi akatazama saa, akasema tutawahi.

Hatukuwahi. Njia ya kuingia Takwa ni mkono wa bahari katikati ya mikoko, na maji yakitoka unabaki tope tupu. Tulikaa humo mpaka mchana ukaanza kugeuka, jua la utosi, chupa nne za maji kwa watu 14. Nimewasikia wengine wakihadithia mikasa ya namna hii kwa fahari, ati ndipo timu ilipoungana. Wasinidanganye. Sisi tuliungana kumchukia mpangaji, na mhasibu wetu alibabuka pua.

Mtoto yeyote wa Lamu angelimwambia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji huku kwetu hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo ukitaka kupanga, usianze na kalenda ya ofisi. Chukua ya Kiislamu, tazama tarehe ya mwezi, halafu umpigie nahodha. Tarehe 15 ya mwezi, asubuhi ni ya kukaa na kuzungumza, alasiri ni ya mashua. Ukizigeuza utalala kwenye mikoko.

Kalenda hiyo hiyo itakuonyesha mengine. Mfungo Sita kuna Maulidi na mji hufurika wageni, vyumba havipatikani. Ramadhani waache watu na mfungo wao. Masika, Aprili mpaka Juni, bei hushuka, lakini baadhi ya nyumba za wageni hufungwa na bahari haina adabu. Ijumaa usiweke kitu adhuhuri. Na posho malizaneni ofisini kabla ya safari, maana nimeona kikao kizima cha "dira ya kampuni" kikigeuka kikao cha posho.

Mwaka uliofuata niliachiwa mimi. Nilikodi nyumba ya kale yenye daka. Kwa asiyejua, daka ni ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana. Ukikaa, goti lako linakaribia goti la wa mbele yako. Hakuna kichwa cha meza kwa sababu meza hakuna. Bosi alitafuta mahali pa kukaa kibosi, akakosa, akajibanza kati ya dereva na msichana wa mapokezi. Mwenye kahawa akapita na dele lake, akamimina, finjani zikazunguka. Kahawa tungu ile hainyweki haraka, na anayekunywa hawezi kumkatiza mwenzake.

Swali nilileta moja tu: kwa nini mteja anasubiri ankara yake siku 11 baada ya kupokea mzigo? Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemchukua bosi pembeni, tukatembea ufukoni kuelekea Shela, nikamwomba kitu kimoja: aseme wa mwisho. Alinuna kidogo. Baadaye akakubali kwa sharti la halua.

Wenye vyeo walianza na yale tuliyoyazoea: programu ya kompyuta ni ya zamani, wateja ni wagumu. Dereva alikuwa kimya, anazungusha finjani. (Kulikuwa na ubishi ofisini kama madereva waje. Ati ni gharama. Anayeushika mzigo kwa mikono yake abaki, aje anayeusoma kwenye skrini!) Ilipofika zamu yake alisema, "Mzee, karatasi ya mteja mimi naileta siku ile ile. Inakaa kwenye trei yako inangoja sahihi. Juzi nimeihesabu, imelala siku sita."

Pakawa kimya. Kwenye ukumbi wa Nyali bosi angejibu hapo hapo, na dereva asingefungua mdomo tena mpaka astaafu. Hapa ahadi ilimfunga, na bado watu watano hawajasema. Mmoja baada ya mmoja wakaitaja ile trei. Zamu ya bosi ilipofika hakuwa na la kujitetea, akauliza tu ni mizigo ya kiasi gani ambayo haihitaji sahihi yake. Hilo ndilo swali lililotuweka pale mpaka adhana ya adhuhuri.

Alasiri hatukuvuta kamba wala kukimbia na magunia ufukweni. Michezo hiyo naichukia, na mwenye goti bovu huichukia zaidi. Tulikwenda Matondoni kuwatazama mafundi wa majahazi wakikalafati, pamba inasukumwa kwenye maungio ya mbao kwa tindo na nyundo, polepole, ufa kwa ufa. Aliyetaka kulala alilala. Aliyetaka kuogelea aliogelea.

Tuliondoka na maamuzi matatu, kila moja na jina la mtu na tarehe, yameandikwa nyuma ya bahasha na kusomwa kwa sauti ndani ya boti ya Mokowe. Mawili yametimia. Mizigo midogo sasa anasaini mkuu wa zamu, na ankara zinatoka siku ya tatu au ya nne. La tatu, la programu mpya ya kompyuta, lilikufa, na aliyepewa tarehe ni mimi.

Mwaka huu tunarudi. Nimechagua siku za mwezi mpevu, daka lile lile, na Takwa tutakwenda saa tisa alasiri, maji yakijaa. Jana bosi ameniandikia: je, tusiende Takwa asubuhi, alasiri ibaki ya kazi? Nimempelekea namba ya nahodha.