Bahasha Ambayo Hatukuifungua

Nimelikwepa jambo hili kwa miaka mingi kwa sababu nami nilikuwepo mezani. Nilikuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja nyumbani Tanzania, mwakilishi wa wanafunzi kwenye kamati ya nidhamu. Aliletwa mbele yetu kijana wa mwaka wa pili, akidaiwa kukutwa na karatasi yenye majibu katika chumba cha mtihani. Msimamizi aliyemkamata alieleza alichokiona. Karatasi yenyewe ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi, iko pale mezani karibu na jagi la maji. Mwenyekiti akamuuliza kijana kama anakubali kosa. Akasema hakubali, kwamba karatasi aliikuta sakafuni alipoketi. Akaambiwa atoke nje asubiri.

Hayo yote hayakufika dakika kumi. Kisha tukaanza kujadili adhabu, na yule msimamizi wa mtihani hakutoka. Alibaki nasi, akachangia, akaunga mkono kufukuzwa, naye akahesabiwa kwenye idadi ya walioafiki. Hakuna aliyeifungua bahasha. Mimi sikuomba ifunguliwe. Nilikuwa na miaka 23, nimezungukwa na watu walionifundisha, na nilijiambia kwamba wakubwa wanajua wanachofanya. Nikasaini.

Kijana akafukuzwa chuo. Mpaka leo sijui kama alikuwa na hatia. Huenda alikuwa nayo, wanaoibia mitihani wapo na wanawaumiza wenzao waliokesha wakisoma. Lakini sisi tuliokuwa na kazi ya kujua hatukujua, na tulitia sahihi kana kwamba tunajua.

Sasa ni mwaka wa tisa niko Uingereza, na kazi iliyonipa riziki hapa ni ukarani wa majopo ya nidhamu katika chuo kikuu. Ninaandaa majalada, ninaandika yanayosemwa, ninatayarisha barua za uamuzi. Kwa hiyo nimekaa upande huu na nimekaa upande ule.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza nilipoanza kazi ni jalada. Kila karatasi ninayowapa wajumbe wa jopo, mwanafunzi naye anaipata, na anaipata siku kadhaa kabla ya kikao. Hakuna bahasha iliyofungwa. Kukiwa na picha, anaiona. Kukiwa na maelezo ya shahidi, anayasoma. Aliyechunguza tuhuma huja kueleza alichokipata, huulizwa maswali, halafu anaondoka, na mlango unafungwa nyuma yake. Wajumbe huulizwa mmoja mmoja kama yupo aliyemfundisha mwanafunzi huyo au mwenye uhusiano wowote naye. Mwanafunzi anaruhusiwa kuja na mtu wa kukaa naye, mara nyingi mshauri kutoka umoja wa wanafunzi. Na mwisho kuna barua inayosema jopo limeamua nini, kwa ushahidi upi, kwa nini halikuyakubali maelezo ya mwanafunzi pale lilipoyakataa, na wapi pa kukata rufaa.

Rufaa za ndani zikishamalizika, kwa England na Wales kuna ofisi huru nje ya vyuo inayosikiliza malalamiko ya wanafunzi. Ilipewa nguvu na sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2004. Mwanafunzi halipi chochote. Chuo kinampa barua ya kuthibitisha kuwa taratibu za ndani zimekwisha, na kuanzia hapo ana miezi 12 ya kupeleka lalamiko lake. Ofisi hiyo haigusi hukumu ya kitaaluma, yaani haiwezi kusema insha yako ilistahili alama zaidi, ila inaweza kusema ulihukumiwa bila kusikilizwa. Nimeona wakuu wa idara wakiisoma barua ya uamuzi mara tatu kabla haijatoka, kwa kuwa wanajua kuna mtu mwingine atakayeisoma. Hofu hiyo ndogo inafanya kazi kubwa.

Nikiwasimulia haya wenzangu wa nyumbani, wengi hunijibu kwamba hizo ni anasa za Wazungu. Hapo ndipo tunapotofautiana kabisa. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), iliyoingia pamoja na haki nyingine za binadamu katika marekebisho ya mwaka 1984, inasema mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote kinachohusika ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ana haki ya kukata rufaa. Chombo kingine chochote! Kamati ya nidhamu ya chuo imo humo. Mahakama yetu ya Rufani, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, ilisema wazi kwamba kwetu haki ya asili, yaani mtu asihukumiwe bila kusikilizwa, si kanuni tu iliyorithiwa kutoka sheria ya Kiingereza, ni haki ya msingi ya kikatiba. Waingereza wenyewe hawana katiba iliyoandikwa katika waraka mmoja. Kwa maandishi, sisi tumewatangulia.

Wala hawakuzaliwa na uungwana huo. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua msomi Richard Bentley shahada zake bila kumpa nafasi ya kujitetea. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1723 mahakama ikaamuru arudishiwe. Jaji mmoja alisema hata Mungu mwenyewe hakumhukumu Adamu mpaka alipomwita na kumpa nafasi ya kujieleza: uko wapi, je, umekula matunda ya mti niliokukataza? Na Marekani nako, vyuo vya umma vilijifunza kwa kushtakiwa. Wanafunzi weusi waliofukuzwa chuo huko Alabama mwaka 1960, baada ya kukaa kwenye mgahawa uliokuwa wa weupe tu, walikwenda mahakamani, na mwaka 1961 mahakama ya rufani ikasema chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumpa taarifa ya tuhuma na nafasi ya kusikilizwa. Kila mahali vyuo vimesukumwa.

Kwetu nadhani kuna historia inayotulemea. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia, siku hiyo hiyo. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mkenya Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, akasimamishwa masomo na kuondolewa chuoni na askari. Nidhamu ikazoeleka kuwa jambo la usalama, la kuzima moto haraka kabla haujasambaa. Mazoea hayo yalibaki hata pale ambapo hakuna moto wowote, pale ambapo kuna kijana mmoja tu na karatasi moja. Kesi ya karatasi haina haraka. Ingeweza kusubiri wiki moja bahasha ifunguliwe na mwandiko ulinganishwe.

Sisemi huku ni peponi. Niseme linaloniumiza huku, maana nalo naliona kila wiki.

Tuhuma huku hufika kwa barua pepe. Mwanafunzi anafungua simu Ijumaa jioni, ofisi zimefungwa, anasoma kwamba anachunguzwa, na hapo hapo ameambatishiwa kanuni za kurasa 40. Hakuna mtu. Nyumbani nilimjua Mshauri wa Wanafunzi, mama mmoja ambaye kabla ya shauri lolote kufika kwenye kamati alikuwa anamwita mwanafunzi ofisini, anafunga mlango, anamwambia, "Kaa, mwanangu. Nieleze." Nimeona kesi zikiishia pale pale, kwa sababu aligundua kijana amefiwa, au bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, halijatoka na hajala siku mbili, au wagomvi wawili walihitaji tu mtu mzima wa kuwapatanisha. Mwongozo wa ile ofisi huru unataka shauri na rufaa yake viishe ndani ya siku 90. Nimeona yanayopita hapo, na siku zote hizo mwanafunzi yuko peke yake chumbani. Akiwa ametoka nje ya nchi, kuna na viza: akifukuzwa, chuo kinawajibika kuwaarifu watu wa uhamiaji, na viza inakatizwa. Anapoteza chuo na nchi kwa barua moja.

Halafu kuna lugha, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka juzi lilikuja jalada la mwanafunzi mmoja kutoka kwetu Afrika Mashariki. Alituhumiwa kwamba kazi yake imeandikwa na akili mnemba. Ushahidi mkubwa ulikuwa asilimia iliyotolewa na programu. Programu hizi zilienea mwaka 2023, na asilimia yake ni makisio; haioni mtu akiandika. Wajumbe walilijua hilo. Kilichowapa uzito wa kumtilia shaka ni barua yake ya kwanza ya kujibu tuhuma. Aliandika, kwa Kiingereza, kwamba anaomba msamaha sana kwa yaliyotokea, na kwamba hatarudia kuwasumbua. Mchunguzi alikuwa ameupigia mstari mwekundu ule msamaha na kuandika pembeni: amekiri.

Niliposoma nilisikia mwili unanisisimka. Mimi najua ule msamaha. Ni samahani yetu. Unamwambia samahani mtu aliyejikwaa wewe ukiwa umesimama mbali. Unaomba radhi kwa mkubwa kwa sababu jina lako limefika mezani kwake na limemchukulia muda, kosa liwepo lisiwepo. Ukiwa mdogo mbele ya baraza la wakubwa, ndivyo unavyoanza kusema, na anayeanza vingine anaonekana hana adabu.

Karani haruhusiwi kumtetea mtu, na sheria hiyo naiheshimu. Lakini anaruhusiwa kumkumbusha mwenyekiti jambo ambalo halijaulizwa. Nilimwandikia kikaratasi: hajaulizwa aliomba msamaha kwa lipi. Mwenyekiti akakisoma, akauliza. Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa kuwa mmeacha kazi zenu kwa ajili yangu." Baadaye akafungua kompyuta yake na kuonyesha rasimu zake, moja baada ya nyingine, za wiki tano, na makosa yake yote ya sarufi yakijirekebisha taratibu kutoka rasimu hadi rasimu. Tuhuma zikaondolewa.

Nimefikiria mara nyingi ingekuwaje kama aliyekuwa anaandika kumbukumbu siku hiyo asingekuwa mtu wa lugha yetu. Kwa hiyo wanaonisikia nikisifu taratibu za huku wasidhani nasema karatasi zinatosha. Utaratibu ulimpa kijana yule jalada, muda, na mlango wa kuingilia. Kumwelewa kulitegemea bahati ya nani amekaa chumbani, na jambo hilo linanitia wasiwasi sana.

Wapo watakaosema nawafikiria mno watuhumiwa. Binti aliyepigwa na mwenzake bwenini naye ni mwanafunzi, na anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu vile vile. Kamati inayoamua kwa dakika kumi inaweza kumwachia aliyempiga kwa haraka ile ile. Huku, kuanzia Agosti 2025, chombo kinachosimamia vyuo vya England kimeweka masharti ya namna vyuo vinavyopaswa kushughulikia unyanyasaji wa kingono, na mafunzo kwa wanaochunguza ni sehemu ya masharti hayo. Kwetu mwakilishi wa wanafunzi anaingizwa kwenye kamati bila hata kuonyeshwa kanuni. Mimi sikuonyeshwa. Nilipewa soda na orodha ya majina.

Ninachowaomba walioko kwenye kamati hizo nyumbani leo hakihitaji bajeti wala sheria mpya. Bahasha ifunguliwe mbele ya mwanafunzi. Aliyemkamata aseme, aulizwe, kisha atoke nje kama mwanafunzi anavyotoka. Sababu ziandikwe, hata kama ni kwa mkono, hata kama ni nusu ukurasa. Na barua imwambie mwanafunzi kwamba anaweza kukata rufaa, kwa nani, na kwa muda gani. Maombi ya kibali cha kupinga uamuzi kama huo Mahakama Kuu yana ukomo wa miezi sita, na mwanafunzi wa miaka 21 aliyerudishwa kijijini hawezi kulijua hilo kwa ndoto.

Yule kijana wa mwaka wa pili hakuambiwa. Najua kwa sababu alinifuata siku tatu baadaye, nje ya maktaba, ameshika begi lake. Alijua nilikuwa kwenye kamati, na bado aliniamkia. Barua yake ilikuwa ya Kiingereza, ina mistari minne. Akaniwekea kidole kwenye mstari wa pili.

"Dada, hapa wameandika kamati imeridhika kwamba nilitenda kosa," akasema. "Imeridhishwa na nini?"

Nilimwambia sijui.